Mlo wa mimea, afya na uzito: ushahidi wa Mulago na Moshi

Sehemu kubwa ya maarifa yanayotumika leo Ulaya na Marekani kuwahimiza watu waongeze vyakula vya mimea na kupunguza nyama ilianza kukusanywa katika wodi za Hospitali ya Mulago, Kampala, na madaktari wawili ambao hawakuwa na nia ya kumwachisha mtu yeyote kitoweo. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na kuhamia Uganda katika miaka ya 1930, na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946, waliishi kwa miaka mingi miongoni mwa watu ambao chakula chao cha kila siku kilikuwa matoke, viazi vitamu, ulezi, mtama, maharage na karanga, na ambao nyama kwao ilikuwa ya sikukuu au ya mgeni. Kilichowashangaza ni yale maradhi waliyoyazoea vitabuni na katika hospitali za kwao, ambayo Mulago hayakuonekana ila kwa nadra: shambulio la moyo, kisukari cha ukubwani, mawe ya nyongo, saratani ya utumbo mpana. Mwaka 1956 Trowell na mwenzake Singh walichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki taarifa ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Ugonjwa ambao leo hujaza kliniki za Dar es Salaam na Nairobi ulikuwa wakati huo adimu kiasi kwamba mgonjwa mmoja alistahili kuandikiwa makala.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, na muda mfupi baadaye akakutana na hoja ya Peter Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini, ambaye alidai kwamba maradhi mengi ya nchi tajiri yana chanzo kimoja, yaani sukari na unga uliokobolewa. Burkitt alitaka kujua ni kitu gani hasa kinachopotea nafaka inapokobolewa, akaziandikia hospitali za misheni zaidi ya 100, nyingi zikiwa za Afrika, akiziomba zimjulishe maradhi hayo yanaonekana kwao kwa kiasi gani. Yeye na wenzake walipima pia jambo ambalo madaktari wengi waliona haya hata kulitaja, nalo ni uzito wa choo cha mtu kwa siku na muda ambao chakula hutumia kusafiri tangu kinapoliwa hadi mabaki yake yanapotoka. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1972 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba kwa wanavijiji wa Uganda safari hiyo ilichukua takriban siku moja na nusu, ilhali kwa Waingereza waliopimwa ilizidi siku tatu, na kwamba choo cha Mganda kilikuwa kizito zaidi ya mara nne kuliko cha Mwingereza. Kitabu ambacho Burkitt na Trowell walikihariri pamoja mwaka 1975, kuhusu wanga uliokobolewa na maradhi, ndicho kilichoifanya dunia ya kitabibu ianze kuuchukulia uzito ule wa choo kuwa habari yenye maana.

Kilichokuwa kinapotea kinuni na mashineni, kwa maoni yao, ni makapimlo, yaani zile nyuzinyuzi za mimea ambazo tumbo na utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuzimeng'enya, na ambazo kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa takataka tu za chakula. Leo inafahamika kwamba nyuzinyuzi hizo hujaza tumbo bila kuongeza nishati nyingi, hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na zikifika katika utumbo mpana huwa chakula cha matrilioni ya bakteria wanaoishi humo. Bakteria hao huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa ni butireti, ambayo ndiyo lishe kuu ya seli zinazotandaza ukuta wa ndani wa utumbo mpana na ambayo inaaminika kuzikinga seli hizo dhidi ya saratani. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 na wakazi 20 wa vijijini Afrika Kusini, kila kundi likila chakula cha wenzake, na katika muda huo mfupi tu butireti iliongezeka kwa wale waliohamia chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, ikapungua karibu nusu kwa wale waliopewa chakula cha Kimarekani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa karibu nusu ya kiasi hicho, na andazi la unga mweupe hutoa kidogo mno.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuuchukua ushahidi wa Mulago kana kwamba chakula pekee ndicho kilichowalinda watu wale. Wagonjwa wengi walikuwa bado vijana, walilima kwa jembe la mkono na kutembea mwendo mrefu, wachache walivuta sigara kwa wingi, na vipimo vya moyo vilikuwa haba, hivyo baadhi ya vifo bila shaka viliandikwa kwa jina lingine. Lipo pia jambo la pili, ambalo watetezi wa mlo wa mimea hawalitaji mara nyingi. Mwaka 1959 Gerald Shaper na K. W. Jones walichapisha ulinganisho wa Waafrika na watu wa asili ya Asia waliokuwa wakiishi Uganda, wakaonyesha kwamba ugonjwa wa moyo uliokaribia kutokuwepo kabisa kwa kundi la kwanza ulikuwa tatizo kubwa kwa kundi la pili, ambalo lehemu yake katika damu, yaani yale mafuta yanayojijenga ndani ya kuta za mishipa, ilikuwa juu zaidi. Katika jamii hiyo ya Kiasia wamo watu wengi ambao dini yao inawakataza nyama. Kutokula nyama hakukuwakinga, kwa sababu chakula chao kilikuwa na mafuta mengi zaidi, samli ikiwemo, na wengi walifanya kazi za kukaa dukani na ofisini. Mji mmoja, hali ya hewa moja, na makundi mawili ambayo yote yalikula nyama kidogo, lakini mioyo yao haikufanana.

Kutokana na hapo inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Mlo wa mimea tupu ni ule usiokuwa na kitu chochote kitokacho kwa mnyama, iwe nyama, samaki, maziwa, mayai au hata asali, na wafuasi wake walijitenga rasmi na wala mboga wengine nchini Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao. Mlo unaotawaliwa na mimea ni mpana zaidi: sahani hujazwa nafaka, mikunde, mboga na matunda, na dagaa, yai au maziwa huingia kwa kiasi kidogo. Mlo wa pili ndio ambao wazee wengi wa Afrika Mashariki walikua nao, na ndio ambao faida zake zina ushahidi wa muda mrefu zaidi. Wa kwanza una faida nyingi za wa pili, pamoja na hatari ambazo wa pili hauna.

Hatari hizo nazo zilionekana Mulago, na zilionekana kwa watoto. Trowell yuleyule aliyeandika juu ya uadimu wa shambulio la moyo alitumia miaka mingi kupambana na kwashiakoo, utapiamlo unaomvimbisha mtoto miguu na uso, unaomchubua ngozi na kuzigeuza nywele zake kuwa nyekundu na nyepesi, na mwaka 1954 yeye pamoja na wenzake Davies na Dean walitoa kitabu kizima kuhusu ugonjwa huo. Waliougua walikuwa hasa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa matoke, viazi vitamu au mihogo pasipo kitu kingine cha maana, vyakula ambavyo vina wanga wa kutosha lakini protini yake ni ndogo mno kwa tumbo dogo linalojaa haraka. Chanzo kamili cha kwashiakoo bado kinajadiliwa, na wengi leo wanaamini kwamba upungufu wa protini peke yake hauelezi kila kitu, lakini tiba iliyotolewa Mulago ilifundisha jambo lisilo na utata. Katika miaka ya 1960 kitengo kiitwacho Mwanamugimu kilianza kuwafundisha akina mama kupika kitobero, chakula cha mtoto ambamo matoke au kiazi huchanganywa na maharage yaliyomenywa au karanga zilizopondwa, na inapowezekana maziwa, samaki au nyama kidogo, pamoja na mboga ya majani, vyote vikifungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Mama aliondoka hospitalini akiwa amekwisha kukipika chakula hicho kwa mikono yake mwenyewe, kwa vitu vilivyopatikana shambani kwake.

Kitobero kinaonyesha kwa vitendo kanuni ambayo kila mtu anayetaka kuacha nyama anapaswa kuielewa. Protini hujengwa kwa viambato vidogo viitwavyo amino asidi, ambavyo tisa kati yake mwili wa binadamu hauwezi kuvitengeneza na lazima uvipate katika chakula. Mahindi yana upungufu wa laisini, ambayo ni mojawapo ya hizo tisa, wakati maharage yana laisini kwa wingi lakini yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Yakiliwa pamoja, au hata katika siku moja, kila kimoja hufidia pungufu la mwenzake. Makande, wali kwa maharage, ugali kwa kunde, mbaazi za nazi kwa chapati: mchanganyiko huu ulipatikana jikoni karne nyingi kabla ya maabara kuueleza, na mtu mzima anayeula kwa shibe hana haja ya kuhofia kukosa protini.

Baada ya Mulago, kituo kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni Moshi. Watafiti wa Kilimanjaro, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Nijmegen, Uholanzi, walichapisha mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine jaribio lililohusisha wanaume 77 wenye afya njema kutoka mkoani humo, baadhi wakiwa wa vijijini na baadhi wa mjini. Waliozoea chakula cha asili walipewa kwa wiki mbili chakula cha kisasa kilichosindikwa na chenye nishati nyingi, kama vile soseji, mkate mweupe na chipsi. Waliozoea chakula cha kisasa walirudishwa kwa muda huohuo kwenye chakula cha asili, na kundi la tatu likapewa pombe ya asili iitwayo mbege kila siku kwa wiki moja. Chakula hicho cha asili hakikuwa cha mimea tupu, lakini kilitawaliwa na mimea: mboga za majani, matunda, mikunde, nafaka zisizokobolewa na vyakula vilivyochachushwa. Kiburu ni mfano wake mzuri. Maharage huchemshwa mpaka yalainike, ndizi mbichi zilizomenywa zikatiwa humo humo, na vyote vikaiva pamoja na kusongwa kwa mwiko, kiasi kwamba mlaji hapati ndizi peke yake wala maharage peke yake katika tonge lolote.

Watafiti waliipima damu kabla ya jaribio, mara baada yake, na tena wiki nne baadaye. Kwa wale waliohamia chakula cha kisasa, protini zinazoashiria mchochota ziliongezeka, na chembe zao za kinga zikaonyesha udhaifu zaidi zilipokutanishwa na vimelea vya maradhi. Mchochota ni ule mwitikio wa mwili unaoonekana pale jeraha linapowiva na kuwa jekundu, ila unapokuwa wa chini kwa chini na wa kudumu ndani ya damu huandaa njia ya kisukari, ugonjwa wa moyo na baadhi ya saratani. Kwa wale waliorudi kwenye chakula cha asili, na hata kwa wanywaji wa mbege, viashiria hivyo vilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya jaribio kwisha. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na manufaa yake yanadhaniwa kutokana na uchachu na kemikali za mimea hiyo. Ni pombe hata hivyo, na jaribio la wiki moja haliwezi kuwa ruhusa ya kuinywa kama dawa. Jaribio lenyewe lilikuwa dogo, halikuwahusisha wanawake, na lilikuwa la muda mfupi. Lakini uzito wake kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni mkubwa, kwa kuwa linathibitisha kwa damu ya Watanzania kwamba madhara ya kuacha chakula cha nyumbani hayasubiri miaka ishirini, na kwamba nafuu ya kukirudia nayo haisubiri.

Kuhusu uzito wa mwili, jaribio lililofanywa kwa uangalifu mkubwa kuliko mengi ni lile la Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huko Bethesda, jimbo la Maryland, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2021. Watu 20 walilazwa kwa wiki nne, wakala kwa wiki mbili chakula cha mimea chenye mafuta kidogo sana, na kwa wiki mbili nyingine chakula cha nyama, mayai na mafuta mengi chenye wanga kidogo sana, na katika vipindi vyote viwili waliambiwa wale mpaka washibe. Walipokuwa kwenye mimea walikula pungufu ya karibu kilokalori 700 kwa siku bila kujinyima na bila kulalamika njaa. Uzito ulipungua katika milo yote miwili, ila katika ule wa nyama na mafuta sehemu kubwa ya kilichopungua ilikuwa maji na vitu vingine visivyo mafuta, na ni kwenye mimea tu ambako mafuta ya mwili yalipungua kwa kiwango kinachoweza kutegemewa.

Sababu haina muujiza wowote. Kinachoongoza ni msongamano wa nishati, maana yake kiasi cha kalori kilichomo katika kila gramu ya chakula, na tumbo hupima shibe zaidi kwa ujazo na uzito kuliko kwa kalori. Gramu 100 za kiazi kilichochemshwa zina kilokalori zipatazo 87. Kiazi hichohicho kikikatwa vipande na kutumbukizwa katika mafuta ya moto hupoteza maji, hunyonya mafuta, na gramu 100 za chipsi zinazotoka humo hubeba zaidi ya kilokalori 300. Hapo hakuna mnyama aliyehusika. Chipsi, maandazi, vitumbua, kashata, soda na wali mweupe uliotiwa tui zito vyote ni vyakula vya mimea tupu, na mtu anaweza kuacha nyama kwa mwaka mzima huku akinenepa kwa vyakula hivyo na sukari ya damu ikipanda. Tui lenyewe, ambalo pwani ni roho ya mapishi, lina mafuta mengi ya aina ileile inayopandisha lehemu kama yalivyo ya nyama na siagi. Kulitumia kwa kiasi, na kuchagua tui jepesi kwa pishi la kila siku, hakuwezi kuharibu ladha ya mbaazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliowafuatilia kwa miaka mingi wauguzi na wahudumu wengine wa afya wa Marekani walilieleza jambo hilo kwa takwimu mwaka 2017: waliokula zaidi mimea katika hali yake kamili walipata ugonjwa wa moyo kwa nadra zaidi, na waliokula zaidi mimea iliyokobolewa, kutiwa sukari au kukaangwa waliupata mara nyingi zaidi.

Kundi linalotajwa mara nyingi katika mjadala huu ni Wasabato wa Marekani na Kanada, ambao kanisa lao limehimiza ulaji wa mimea tangu karne ya 19 na ambao ndugu zao wa imani wapo Upare tangu mwaka 1903 na katika eneo la Nyanza nchini Kenya tangu mwaka 1906. Uchunguzi uliofanywa na Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha watu zaidi ya 60,000, ulipima uwiano wa uzito na urefu, kipimo ambacho huhesabu uzito wa mtu kwa kilo na kuugawanya kwa kimo chake kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe, na ambacho kikivuka 25 mtu huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi. Wala mimea tupu walikuwa na wastani wa 23.6, na wala nyama 28.8, huku wala maziwa na mayai na wala samaki wakiwa katikati. Kisukari cha aina ya pili kilikuwapo kwa asilimia 2.9 ya wala mimea tupu na asilimia 7.6 ya wala nyama. Tofauti hizo ni kubwa, ijapokuwa lazima ikumbukwe kwamba mtu anayechagua mlo wa namna hiyo huwa na tabia nyingine njema zisizoweza kutenganishwa zote na chakula. Ndiyo maana jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 2023 lina thamani yake: mapacha wa kufanana jozi 22 walipewa kwa wiki nane, mmoja mlo bora wa mimea tupu na mwenzake mlo bora wenye nyama, na aliyekula mimea akapungua takriban kilo mbili zaidi, na lehemu yake mbaya ikashuka zaidi.

Afrika Mashariki inasoma matokeo haya ikiwa inaelekea upande wa pili. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi ulionyesha kwamba wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 22 mwaka 2010 na asilimia 28 mwaka 2015-16, na mijini hali ni mbaya zaidi. Wengi wa wanawake hao hawali nyama nyingi. Wanakula ugali wa sembe, ambayo ni mahindi yaliyoondolewa pumba na kiini pamoja na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini na madini yake. Wanakunywa chai yenye vijiko kadhaa vya sukari. Wanapika kwa mafuta mengi zaidi kuliko mama zao walivyopika, na wanafanya kazi za kukaa. Kurudi kwenye dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ni hatua nzuri, kwa sharti moja ambalo halisemwi vya kutosha. Kuvu wanaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa hayajakauka hutoa sumukuvu, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya na mwaka 2016 ikaua tena katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sehemu ya sumu hiyo hukaa kwenye pumba na kiini ambavyo dona huvibakiza. Dona bora ni ya mahindi yaliyokaushwa vizuri, yaliyochambuliwa na kuondolewa punje zilizovunjika au zenye rangi ya kijani au kijivu.

Anayeamua kwenda hadi kwenye mimea tupu anakabiliwa na upungufu ambao jitihada ya shambani wala jikoni haiwezi kuuziba. Vitamini B12, inayohitajika katika kutengeneza damu na kutunza mishipa ya fahamu, hutengenezwa na bakteria na humfikia binadamu kupitia nyama, samaki, maziwa na mayai. Mchicha, kisamvu, karanga au uyoga havimpatii mtu kiasi cha kutegemea. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini lake huweka akiba ya miaka kadhaa, jambo ambalo ni hatari kwa namna yake, kwa kuwa aliyeacha nyama na maziwa hujiona mzima kabisa kwa miaka miwili au mitatu kabla ya ganzi ya vidole, uchovu, kusahau na upungufu wa damu kujitokeza, na madhara ya mishipa ya fahamu yakichelewa kutibiwa hayaondoki yote. Dawa yake ni rahisi: kidonge cha B12, au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo na kuandikwa hivyo kwenye paketi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia metfomini ana sababu ya ziada ya kuwa makini, kwani dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wa B12.

Madini ya chuma yamo kwa wingi katika maharage, choroko na mboga za majani, lakini kwa umbo ambalo utumbo hulipokea kwa shida, na desturi ya kunywa chai pamoja na chakula huongeza shida hiyo, kwa sababu kemikali za majani ya chai huyakamata madini hayo kabla hayajafyonzwa. Chai inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo, na mahali pake pachukuliwe na ndimu, embe, pera au chungwa, ambalo vitamini C yake husaidia chuma kupita. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, kuotesha kimea na kuchachusha uji wa ulezi huvunja fitati, kemikali iliyomo kwenye mbegu ambayo hushikilia chuma na zinki. Kuhusu chokaa ya mifupa, sukuma wiki huipatia mwili kwa urahisi, ilhali mchicha, pamoja na sifa zake nyingine, una oksaleti inayoifunga chokaa yake isitumike. Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa Oxford uliowafuatilia Waingereza tangu miaka ya 1990 ulionyesha mwaka 2020 kwamba wala mimea tupu walivunjika mifupa kwa asilimia 43 zaidi ya wala nyama, na kwamba mfupa wa nyonga ndio ulioathirika zaidi.

Kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, presha au kisukari, ushahidi unatosha kumshauri ajaze sahani yake mikunde, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, apunguze nyama nyekundu, na aziache soseji, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka pamoja na nyama nyingine zilizosindikwa katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 2015. Halazimiki kuacha dagaa wala mtindi ili apate faida hiyo. Anayetumia dawa za kushusha sukari amwone daktari wake kwanza, kwa sababu dozi iliyomfaa alipokuwa akila sembe na chipsi inaweza kuwa kubwa mno mlo ukibadilika. Na mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wasiondolewe maziwa, mayai na samaki bila kidonge cha B12 na mtaalamu wa lishe anayewafuatilia, kwa kuwa ubongo wa mtoto unaokosa vitamini hiyo katika miaka yake ya mwanzo unaweza kupata madhara ambayo hayarekebishiki.